Tandiko la Mgongo Mpana

Liévin alipoliona lile tandiko la farasi, kuku alikuwa amelalia mayai juu yake. Lilikuwa ndani ya gereji ya villa moja ya mtaa wa Golf, nyumba ya fundi mmoja Mmarekani aliyekimbia vurugu zilipoanza, akamwachia mlinzi wake André funguo, mbwa na ahadi ya kurudi. Mbwa alishakufa, na ahadi nayo haikuwa na afya nzuri. Tandiko lenyewe lilikuwa la wachunga ng'ombe wa kwao Amerika: zito, la ngozi nene, na mbele lina pembe ya kufungia kamba. Elisabethville ya siku zile ilikuwa mji mkuu wa nchi yenye bendera, stempu na jeshi, ila haikuwa na nchi nyingine ya kuitambua, na katika mji huo wote ni mtu mmoja tu aliyehitaji kitu cha namna ile. Liévin alimjua.

Tumtambulishe kwanza. Liévin alikuwa mtoto wa wafanyakazi wa reli waliotoka kaskazini, Mkatoliki wa ubatizo na kipaimara, na kazi yake ilikuwa mdomo. Aliwahi kumuuzia fundi cherehani wa Kenya, mtaa wa mji huohuo, kiti cha daktari wa meno, akimwapia kuwa ni kiti cha chifu. Fundi bado anakikalia, na wateja wake wanamwamkia kwa heshima zaidi kuliko zamani, kwa hiyo sisi tusiseme sana.

Safari hii Liévin hakutafuta faida ya kunywea bia. Alitaka kuoa. Baba yake Victorine alikuwa amesema wazi: ng'ombe jike mmoja, mzima, uani kwake kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, la sivyo binti yake ataanza kusikiliza wengine. Pesa hakuzitaka. Pesa za nchi mpya ni nzuri kutazama, alisema, lakini ng'ombe haamki asubuhi akakuta serikali yake imeanguka. Na hapa tusimwonee mtu: Liévin alimpenda Victorine kweli. Ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo hakuwahi kulitia chumvi.

Mwenye ng'ombe alikuwa Muzee Dominique Mwape, muuza nyama wa Kenya, mtu mzito wa mkono mgumu, ambaye mizani yake ilimjua mwenyewe tu. Muzee Mwape alikuwa amenunua shamba barabara ya Kipushi kwa Mbelgiji mwenye haraka ya kuondoka, pamoja na ng'ombe na farasi watatu wachanga. Mama zao walivuta plau, na watoto walirithi migongo: mipana, ya mviringo, kama meza ya kukatia nyama. Mbelgiji aliondoka na matandiko yake. Mwape akatafuta tandiko kuukuu la askari, akapanda mbele ya akina mama wa parokia waliokuja kumtembelea. Tandiko lilimbana farasi mabegani, farasi akaruka, tandiko likazunguka mpaka chini ya tumbo, na Muzee Mwape akazunguka nalo. Tangu siku hiyo hakucheka tena, na nyama ilipanda bei.

André alikubali kuliachia tandiko, lakini alitaka baiskeli ya Liévin, ile nyeusi yenye kengele inayolia kama ya misa. Liévin aliitoa bila kusitasita. Kuku alihamishwa pamoja na mayai yake, kwa adabu.

Sasa, kumwendea Mwape hivi hivi ni kazi bure, maana alimshuku hata padri. Lakini Liévin alikuwa ameulizia. Mwape alikuwa mtu wa Luapula, wa ukoo wa Mbuzi kwa upande wa mama. Na kila mtu wa huko anajua kwamba ukoo wa Mbuzi na ukoo wa Chui ni watani, banungwe wenyewe kwa wenyewe: wanatukanana na hakuna kukasirika, mmoja anachukua kitu cha mwenzake na hakuna kudai, na siku ya msiba mmoja ndiye anayemchimbia mwenzake kaburi. Mama yake Liévin alikuwa Muluba wa Kongolo na hakuwa na uhusiano wowote na chui. Liévin alimsamehe kwa hilo.

Aliingia buchani siku ambayo foleni ilifika mlangoni.

"Weye mbuzi," alisema kwa sauti ya kusikika, "unauzisha nyama ya bandugu yako, na haya hauna?"

Mama Edith, dada yake Mwape aliyekaa kwenye kisanduku cha pesa, alishika kifua. Mwape aliinua macho, kisu mkononi, akamtazama yule kijana. Halafu mabega yakaanza kumtikisika.

"Chui ya meno mubovu," alisema, "ulitoka wapi?"

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa aproni. Liévin naye, ili kuukaza utani, alinyoosha mkono mezani akachukua pande la maini, akalitia kwenye gazeti, hakulipa, na Mwape hakudai. Desturi ni desturi. Wakaongea kama ndugu. Mwape alisema shangazi yake mgonjwa sana huko Kipushi, na Liévin, ambaye mdomo wake ulikuwa umeshapata moto, akaapa mbele ya foleni kwamba mama huyo akiwatoka, chui mwenyewe atalishika jembe. Watu walimsifu kwa malezi mazuri. Hapo ndipo alipolitaja tandiko.

Siku ya pili walikutana shambani. Mama Edith alikuja, na wachungaji walisimama kando. Liévin aliliweka tandiko juu ya uzio akaanza kulihubiri. Alisema farasi mchanga bado anajaa, mwaka huu ana mgongo huu, mwaka kesho ana mwingine, na ndiyo maana Wamarekani hutumia mti wa ajabu ndani ya tandiko, mti ambao haufi, unaokua pamoja na farasi. Ukweli ni kwamba hakujua kama tandiko lile lilikuwa jembamba au pana. Kwake lilikuwa kiti kilichokosa miguu.

Mwape alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kitu kimoja tu. "Leteni bunga."

Alimlowesha farasi mgongo kidogo, akampaka unga wa mahindi kutoka mabegani mpaka kiunoni. Akaweka tandiko bila blanketi, akaligandamiza kwa uzito wake wote, akalinyanyua taratibu na kuligeuza. Panya walikuwa wameshakula manyoya yaliyoshonewa chini ya tandiko, imebaki ngozi tupu, na juu ya ngozi hiyo unga ulikuwa umejichora: kushoto sawasawa, kulia sawasawa, na katikati, unapopita uti wa mgongo, njia safi isiyo na chembe. Mwape alirudisha tandiko akapitisha vidole mabegani mwa farasi. Vilipita, na nafasi ikabaki.

"Minapasua migongo tangu niko kijana," alisema. "Hii inakaa. Sasa tunaweka blanketi mbili. Akijaa, tunatoa moja." Kuhusu mti unaokua hakusema neno.

Jamani, Liévin alikuwa amekuja kuuza uongo, akajikuta ana mali ya kweli mkononi. Hali hiyo hakuizoea. Mwape alionyesha ng'ombe jike mwekundu aliyesimama karibu na maji, mnene, mwenye macho ya upole, akasema mfungeni kamba huyu, ni wa chui. Harusi ilikuwa pale, imesimama kwa miguu minne. Mtu mwenye akili angeshika kamba akaondoka. Lakini Liévin aliona macho ya Mwape yanavyong'aa kila yakirudi kwenye tandiko, na mdomo ukamtangulia.

"Ng'ombe mbili, Papa," alisema.

Wachungaji walitazamana. Mwape aliegemea uzio.

"Mbili?"

"Mbili. Hapa mujini haiko tandiko ingine."

"Ni kweli." Mwape alitikisa kichwa polepole. "Ile siku chui alichukua maini yangu. Nilisema nini?"

"Haukusema kitu, Papa."

"Juu ya nini?"

"Juu ya desturi."

"Basi," alisema Mwape, "leo mbuzi anachukua tandiko."

Akaliweka juu ya farasi, akafunga mshipi wa tumbo. Mama Edith alipiga vigelegele. Wachungaji wakacheka mpaka wakakaa chini, maana utani mkubwa kama ule hawakuwahi kuushuhudia. Ng'ombe mwekundu alifunguliwa kamba akarudi kwenye majani yake. Liévin alinyoosha mkono kuushika mshipi.

"Ao hauko chui?" Mwape aliuliza kwa upole. "Kama hauko, sema hapa. Tutaenda kwa tribunal, utaeleza ni muntu gani aliniita mbuzi mbele ya bantu na akaiba maini."

Liévin alimtazama ng'ombe.

"Niko chui, Papa," alisema.

Alirudi Kenya kwa miguu. Jumamosi ilifika na kupita, uani kwa baba yake Victorine hakukuwa na ng'ombe. Jumapili baada ya misa Liévin alisikia kengele anayoijua, akageuka. André alikuwa anakanyaga pedali bila haraka, amevaa tai, na nyuma kwenye keria amekaa Victorine, mkono mmoja kiunoni mwa André. Alimsalimia Liévin vizuri tu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Hakupata hata siku ya kulia. Kesho yake asubuhi kamioni ya buchani ilisimama mlangoni kwake, majirani wote wakiangalia, na Mama Edith ndani amejifunga kitambaa cha msiba. Shangazi wa Kipushi alikuwa amefariki. Chui wengine wako mbali, alisema, ng'ambo ya mpaka, na watu wote walimsikia Liévin akiapa. Jembe lilikuwa tayari ndani ya kamioni.

Ardhi ya Kipushi ni ngumu. Jua lilipokuwa utosini, Liévin alikuwa amezama mpaka kifuani, mikono imetoka malengelenge, na wafiwa wakipita walimtukana kwa upendo na kumpa maji. Kisha akasikia ngozi inalia taratibu juu yake. Muzee Mwape alikuwa amefika, amekaa wima juu ya farasi mpana, tandiko limetulia wala halitikisiki. Alichungulia shimo, kofia mkononi.

"Panua kidogo, chui," alisema. "Mama alikuwa na mugongo mupana."