Bibi Bata Hasomwi Nyumba Hii

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Chiriku amerudi kutoka chekechea na kitabu kipana kuliko kifua chake. Cha picha. Kina hadithi nyingi za watoto, za kuchekesha na za kugusa moyo, ndivyo jalada linavyojisifu. Darasa zima wanakipokezana, kila mtoto wiki yake, na hii ni wiki ya mjukuu wangu. Amekibeba njia nzima peke yake. Baba yake alitaka kumsaidia, akafukuzwa.

Tumeanza mchana huohuo, mkekani jikoni, maharage yakiwa motoni. Mbuzi anayeogopa kivuli chake. Chungu kinachokataa kuoshwa. Hicho chungu kimenichekesha mpaka nikajishika shingo, na nilipoishika nikakumbuka. Kicheko kikakatika.

Shingoni nina uvimbe. Umeingia taratibu, kama mgeni anayehamisha nguo zake kidogo kidogo, na sasa ni sawa na limau. Ijumaa daktari anautoa. Atanilaza kwa dawa nisijue lolote. Hapo kwenye kutojua lolote ndipo ninapokwama. Mwanangu anajua, mkamwana anajua. Chiriku nimemwambia nakwenda kumtembelea rafiki yangu anayefuga sungura. Ana miaka mitano. Mtoto wa miaka mitano haambiwi habari za visu.

Alipojilaza kidogo nikatangulia kusoma, nijue mbele kuna nini. Shule mimi sikuingia hata siku moja. Herufi niliziokota mezani, wanangu wakifanya kazi zao za shule, mimi nikimenya viazi. Nasoma kwa kidole, lakini nafika. Nikafika hadithi ya mwisho. Bibi Bata. Ana aproni, ana mgongo uliopinda, ana mjukuu mmoja mwenye maneno mengi. Kila siku wanakwenda bwawani pamoja. Siku moja Bibi Bata anakwenda hospitali. Ukurasa unaofuata, mjukuu yuko bwawani peke yake. Amevaa ile aproni. Inaburuta majini.

Nikakifunga kitabu nikakikalia.

Hadithi hiyo haisomwi nyumba hii. Si wiki hii, si na mtu yeyote.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Mpango: gundi. Nimekoroga unga wa ngano na maji ya moto, nikazibandika kurasa za Bibi Bata moja juu ya nyingine, nikalaza pasi juu yake. Kazi safi. Kitabu sasa kinaishia kwa tembo aliyepoteza soksi, na sijasikia mtu aliyekufa kwa soksi.

Baada ya chakula, sisimizi. Mstari mrefu, kutoka dirishani hadi kitabuni, wamepanga foleni kwa adabu. Kumbe unga niliouchota mkamwana alikuwa ameshauchanganya na sukari, anataka kuoka keki. Chiriku akachuchumaa kuwatazama. Akasema wamekuja kusoma. Nikawapangusa kwa kitambaa. Akalia, eti walikuwa hawajamaliza.

Chakula hakipiti kooni. Nikisema ni uvimbe nitakuwa nausingizia. Ni woga.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Bi Miwani amefika. Huyu ni mama mzazi wa mkamwana wangu. Amefundisha shule maisha yake yote, na miwani haivui hata akinawa uso. Amekuja kukaa na Chiriku nitakapokuwa hospitali. Mimi nilimtarajia kesho jioni. Yeye amekuja leo asubuhi na mto wake mwenyewe kwapani, kana kwamba mito yetu ina chawa.

Hakunywa hata chai, akachukua kitabu. Anasoma kwa sauti za kila aina. Tembo ana sauti nzito. Soksi nayo ina sauti yake, nyembamba, ya kulalamika. Chiriku alicheka mpaka akapata kwikwi. Mimi nilikuwa nachambua mchele na roho yangu nayo inachambuka. Mtoto ananisikia mimi ninayejikokota na kidole, kisha anamsikia yule. Nikifa Ijumaa, Jumapili nitakuwa nimeshasahauliwa.

Kisha akafikia kurasa zilizogandana. Akazipapasa. Akasema huu ni uzembe wa mtoto aliyekuwa nacho wiki iliyopita. Nikasema kweli kabisa, watoto wa siku hizi hawana mikono. Akatenga birika motoni, akazishika kurasa juu ya mvuke, zikaachana moja moja bila kuchanika, kama maganda ya kitunguu. Mwanamke huyu ni hatari.

Alipokwenda kuoga nikakizika kitabu ndani ya ndoo ya mchele.

Nyumba ikapinduliwa. Mwanangu alirudi na masizi ya kuchomelea mageti usoni, akalala kifudifudi kuchungulia chini ya kabati. Chiriku hakupiga kelele. Alikaa pembeni, akasema polepole kwamba mwalimu hatampa kitabu tena, na mwenzake anayefuata anakisubiri. Moyo ulinikatika vipande. Nikakaza uso. Nikatafuta kwa bidii kuliko wote, nikatafuta hata bafuni.

Jioni Bi Miwani akajitolea kupika wali. Akaingiza kikombe kwenye ndoo, kikagonga jalada. Akakitoa kitabu, akakipangusa kwa upindo wa gauni, akanitazama juu ya miwani kitambo kirefu. Kisha akamwita mtoto, akamwambia panya wa nyumba hii wanapenda sana vitabu.

Amenisitiri. Sasa namwogopa zaidi.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Kesho ndiyo kesho.

Umebaki mpango mmoja: niisome mwenyewe kabla yake, na mwisho niutunge mimi. Nikamtuma Bi Miwani sokoni kununua vitunguu, ambavyo tunavyo tele. Nikamweka Chiriku mkekani. Bibi Bata akaenda hospitali, akatoka na bandeji, akanunua basi, akaliendesha mwenyewe. Abiria wake wote vyura, wanapanda kwa kuruka. Ilikuwa nzuri. Mimi mwenyewe nilianza kuiamini. Lakini Chiriku hakuwa anatazama kitabu. Alikuwa ananitazama mdomo.

"Bibi, siyo hivyo. Bibi Bata anakufa."

Kumbe mwalimu ameshawasomea, tena si mara moja. Wote walilia, kisha wakanawa mikono, wakala biskuti. Gundi yangu, sisimizi, ndoo ya mchele, vyote bure.

Halafu akaniuliza daktari atanikata wapi, shingoni mbele au pembeni.

Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema hakuna aliyemwambia, nimekuwa nikiiambia sufuria ya maharage kila siku. Ni kweli. Nikipika huwa naongea. Nilijua sufuria haitangazi. Nilisahau kwamba chini ya meza kuna mtu.

"Utarudi?"

Nilikuwa na uongo mdomoni, umeiva kabisa, wa kutema tu. Ukakataa kutoka.

"Nataka kurudi," nikasema. "Nataka sana. Naogopa, mama."

Akafikiri. Akanikunja kola ya gauni, akautazama uvimbe kwa karibu kama fundi anayekagua bomba.

"Basi mwambie daktari hivyohivyo. Mimi nikitaka kitu nasema."

Akanitaka nianze upya, nisome ilivyoandikwa, na kidole kiwepo. Anapenda kidole, amesema, kinamwonyesha tulipo. Nikasoma. Nilipofika penye aproni macho yakajaa na kidole kikapoteza mstari. Bi Miwani alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na mfuko wa vitunguu. Akakaa mkekani, akamalizia yeye. Sauti ya bata hakuitumia. Alitumia yake.

Baadaye Chiriku alipotoka kucheza, Bi Miwani aliniambia bila kunitazama:

"Mkwe, usithubutu kutorudi. Mimi nitagombana na nani?"

Nikamwambia vitunguu alivyonunua ni vibovu. Akasema alijua nitasema hivyo.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Naandika kwa penseli ya muuguzi. Wamenivika kofia, nafanana na yai. Sala zote zimeniruka, nakumbuka mianzo tu, nimezianza zote na hakuna niliyomaliza. Mungu ataziunga mwenyewe.

Daktari ni kijana, ndevu zake bado zinajadiliana kama ziote. Nimemwambia: nataka kurudi. Akasema wagonjwa wote wanataka. Nikamwambia wagonjwa wote hawana Chiriku nyumbani. Akauliza kama ni ndege. Nikasema karibu na hapo.

Machela imefika. Naandika ili mkono uwe na kazi, maana ukikosa kazi ut

Jumapili, tarehe 10 Mei

Nipo.

Sauti ya chura, shingo kama imezungushiwa waya, lakini nipo. Uvimbe umetoka wote. Nilipoamka nilimshika muuguzi mkono nikamuuliza kama huku ndiko au kule. Akasema huku. Nikakataa kumwachia mpaka alipoapa.

Bi Miwani amekuja kunitazama. Kumbe kila asubuhi anamwambia mtoto yote, bila kupunguza: bibi yako amelala, bibi yako ameamka, bibi yako ametapika, bibi yako amemtukana mpishi wa hospitali. Na mtoto anakula, analala, anacheza. Kinachomuudhi ni kimoja tu, kwamba uvimbe ulitolewa na yeye hakuonyeshwa.

Nimewaza sana kitandani hapa. Nimemwapia Bi Miwani, mkono juu ya bandeji: kuanzia leo Chiriku simfichi kitu. Hata kidogo. Hata cha kutisha.

Bi Miwani akasema tutaona.

Jumamosi, tarehe 16 Mei

Nyumbani. Bi Miwani bado yupo, na mto wake. Anasema anangoja nipone. Sijamwambia kwamba nimepona, asije akaondoka.

Leo hospitali wamepiga simu. Ule uvimbe waliupeleka maabara kupimwa, na majibu yametoka. Nifike Jumatatu mimi mwenyewe, kwa simu hawasemi. Muuguzi akaniambia nisiwe na hofu, ndiyo kawaida yao, wanamwambia kila mtu hivyo. Alisema kwa upole. Upole ule sikuupenda. Yule tulipokuwa wodini alikuwa ananifokea vizuri tu.

Chiriku akaniuliza Jumatatu nakwenda wapi, maana amesikia baba yake akiomba ruhusa kazini. Kiapo nilikikumbuka vizuri sana, neno kwa neno. Nikafungua mdomo niseme kweli, nikausikia mdomo unasema nakwenda kununua pazia.

Akauliza la rangi gani.

Nikasema kijani.

Akanitazama. Kisha akaenda kwa Bi Miwani, wakanong'onezana hukohuko jikoni. Akarudi amevaa viatu vyake vya kutokea, leo Jumamosi, ili Jumatatu asiachwe. Akatangaza kwamba yeye na Bi Miwani wote wanakuja. Watanisaidia kuchagua pazia, na mtu akiogopa rangi, watamshika mkono.

Wanajua. Na mimi najua kwamba wanajua. Lakini neno likishatoka limetoka.

Nimemtuma mwanangu akaulize kama jirani na hospitali kuna duka la mapazia.