Likizo ya Sijaona

Jumatatu, 27 Aprili 2020

Mfungo wa tatu. Mvua asubuhi, kisha jua la uvivu. Nimelala barazani tangu adhuhuri. Milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa inaonekana na kupotea, inaonekana na kupotea. Sijui kama ni ukungu au ni njaa.

Wivu umenishika. Ndugu zetu wa Maskati wamefungiwa majumbani, na kwenye grupu la ukoo hawana habari nyingine. Nani kaoka mkate, nani kafuga ndevu. Sisi Bujumbura wamefunga uwanja wa ndege na mipaka tu. Duka langu la vitenge liko wazi, msikiti uko wazi, watu wanapita. Dunia nzima ina corona na mimi sina hata la kusimulia!

Baada ya alasiri wanaume wa mtaa wetu wa Asiatiki tulisimama nje ya msikiti, mita moja mita moja. Mjadala: wafanyakazi wa nyumbani waendelee kuja au wasije? Nawaf, mtoto wa ami yangu, ambaye tunagawana naye ukuta, alisema waje. Yeye anao watatu, mmoja anatoka Carama kwa basi kila siku. Akauliza wakikaa kwao watakula nini. Watu wakaanza kutikisa vichwa kumkubali. Kumkubali Nawaf! Nikapanda ngazi. Nikasema anayempandisha mtu basi kila asubuhi ili aje kumkaangia, anamhatarisha yeye, na mama yake, na sisi sote. Na anayemrudisha kwao bila mshahara ataulizwa na Mola. Basi wakae kwao, mshahara kamili, mpaka Idd, na asiwepo wa kuwaita. Mtu mmoja akafuta macho. Tukainua mikono, tukasoma Fatiha palepale. Neno likishasomewa Fatiha halirudi.

Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini. Mke wangu Moza akauliza nani atapika. Sikuwa nimefika huko. Akasema yeye aliwapikia mama yangu na dada zangu miaka kumi na miwili, jiko ameshalistaafu, na aliyesoma Fatiha apike.

Jumanne, 28 Aprili

Nimempa Sijaona habari. Huyu ndiye mpishi wetu, mwaka wa tisa sasa, anatoka Musaga, kule juu mlimani, kwa basi kila siku. Nilitegemea ahuzunike kidogo. Alifurahi! Iliniuma, sitaficha.

Akaniambia mama yake, Bi Fadhila, ana pumu ya miaka. Tangu maradhi yaingie nchini, Sijaona akifika kwao jioni anaogea nyuma ya nyumba, anabadili nguo, halafu analala chumba cha mbele asimguse mama yake. Chakula anakiacha mlangoni. Wiki zote hizi alitaka kuniomba ruhusa, akaogopa kupoteza kazi. Akasema, Baba Rayan, Mungu akuweke. Akalia. Na mimi nikalia. Nilijiona mtu mwema kabisa, mwepesi, ningeweza kupaa juu ya mapaa ya mabati mpaka bandarini.

Kisha akafungua kitenge chake cha jikoni, akakikunja, akaondoka. Saa tano asubuhi! Mimi nilidhani likizo inaanza baada ya futari.

Nimepika uji. Ulikuwa na mabonge. Moza alifungua kwa tende, akatabasamu, akalala.

Alhamisi, 30 Aprili

Uji tena. Mabonge yaleyale, nadhani.

Leo usingizi wa adhuhuri ulikuwa mzito na mtamu. Niliota nimejilaza ndani ya sufuria kubwa inayoelea ziwani. Maji kimya. Juu yangu sambusa zilikuwa zinapita moja moja, polepole, zikielekea Uvira, ng'ambo. Naita, hazigeuki. Nikaamka na machozi, na pamoja na machozi, akili.

Fatiha imekataza kumwita. Haikukataza kumpa habari! Nikampigia Sijaona. Sikumwita, Mungu shahidi. Nilimjulisha tu kwamba Mama Rayan hasimami. Na kweli wakati ule hakuwa amesimama. Alikuwa amelala na gazeti usoni.

Sijaona alishtuka, maana wao wawili wanapendana kuliko wanavyonipenda mimi. Akauliza homa? Nikasema sijui, mi si daktari. Nyuma yake nilimsikia mama yake akimwambia aende, mwenye kukutendea wema usimwache peke yake. Akasema atakuja siku mbili, Mama Rayan akisimama tu anarudi kwao.

Kwa hiyo Moza asisimame.

Jumamosi, 2 Mei

Raha! Raha iliyoje!

Sijaona aliingia jana kwa mlango wa nyuma, kitambaa puani. Mwenyewe akasema hataingia chumbani asije akamwongezea mgonjwa maradhi juu ya maradhi. Mimi nikasema ni busara, abaki jiko la uani. Kisha nikamwambia Moza kwamba Sijaona amerudi kwa hiari yake, likizo imemshinda, lakini kwa tahadhari hataki mtu amkaribie, hata huko uani tusitie mguu. Moza aliniangalia kwa muda mrefu. Lakini harufu ya hiliki ilikuwa imeshapanda ngazi, na yeye pia amefunga. Hakuuliza.

Siku nzima nazunguka kati yao nikibeba salamu. Sijaona anauliza mgonjwa ameamkaje, nasema amekaa. Anauliza amesimama? Nasema karibu. Jana nilisema amekaa vizuri, leo nikaona mambo yanakwenda haraka mno, nikasema amekaa vibaya. Anamtengenezea bakuli la uji wa pilipili manga kila magharibi. Naunywa mimi. Hauna bonge hata moja.

Tatizo ni sahani. Mtaani kwetu Ramadhani sahani zinapita kabla ya adhana, nyumba kwa nyumba, na sahani hairudi tupu. Ya Nawaf ilikuja jana na bajia zilizoungua. Nura, mkewe, anapika mwenyewe. Nawaf anafagia ua mwenyewe, nimemchungulia juu ya ukuta, mgongo umepinda. Wote watatu amewapa likizo, mshahara juu. Anaishika Fatiha yangu kuliko mimi, na hilo halikunifurahisha.

Mtu mwenye akili angeirudisha ile sahani na tende tano. Nilizihesabu kabisa, nikaziweka. Kisha nikaziona sambusa za Sijaona zimetoka kwenye mafuta, nyepesi, pembe kali, na nikamfikiria Nawaf akitafuna bajia yake nyeusi. Sahani yake ilikuwa ndogo, nikatoa yangu, nikaweka kumi na mbili. Nikamtumia na odio kwenye simu, nikasema nimezikunja kwa mkono wangu, jiko lina siri nyingi kwa mwanaume asiyelidharau.

Jibu lake: Mashallah. Mara tatu.

Jumapili, 3 Mei

Sahani saba zimekuja. Habari imezunguka kwamba Suud, yaani mimi, anapika. Mtu mmoja ameniomba nimfundishe mkwe wake. Wakati wa alasiri walinipisha nafasi ya mbele. Nimesimama pale nikijiona mkubwa, taa zinang'aa, sauti ya imamu inakuja kutoka mbali sana, na mimi nawaza kama Sijaona ameloweka dengu.

Alipokuwa anaondoka jana jioni aliniuliza kama anaweza asije leo, mama yake amekohoa usiku. Nikamwambia mgonjwa wetu bado hajasimama. Akasema sawa. Akaja.

Naliandika hili haraka, maana sitaki kuliangalia sana.

Jumatatu, 4 Mei

Wallahi sina uso.

Sambusa ina mkono wa aliyeikunja. Hili nalijua, nimezaliwa katika nyumba ya sambusa, na bado nililisahau! Wengine wote mtaani wanagandisha manda, ile ngozi ya sambusa, kwa ute wa unga. Sijaona hagandishi. Ncha ya mwisho anaisukuma ndani, inajifunga yenyewe. Nura alizijua kwa kuzishika tu, kabla hata ya kuuma. Wamekula sambusa hizo katika harusi zote za ukoo huu kwa miaka tisa.

Hakugombana. Alimpigia Moza saa tisa akamwambia amsalimie Sijaona, akauliza na Bi Fadhila anaendeleaje.

Moza akashuka. Mimi nilikuwa barazani, kati ya usingizi na macho, nasikia ndara zake kwenye ngazi, pa, pa, pa, nikadhani naota. Nilipofika uani nimechelewa. Moza amesimama mlangoni mwa jiko. Amesimama wima! Sijaona ameshika kijiko cha matundu, anamtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. Akamuuliza, Mama Rayan, umepona? Moza akamuuliza, nimepona nini?

Mafuta yalikuwa yanachemka. Hakuna aliyeyaangalia.

Sijaona hakupiga kelele. Alizima moto kwanza. Akaniambia, na nayaandika kama alivyoyasema: "Baba Rayan, mi niliacha mugonjwa nyumbani, nikakuja kwa mutu muzima." Tangu juzi mama yake hajalala kwa kukohoa, na yeye hajui kama ni pumu au ni kile kitu alichokibeba kutoka kwenye basi, siku nne, kwenda na kurudi. Akanawa mikono mpaka viwiko kwa ile sabuni ya kipande. Moza alitaka kumshika, Sijaona akarudi nyuma, mita moja. Akatoka.

Nimeona haya. Nimeona haya kweli, si haya ya kuonekana na watu. Bi Fadhila ndiye aliyemwambia aje. Nilimsikia mwenyewe kwenye simu.

Kabla ya adhana sahani yangu ilirudi kutoka kwa Nawaf. Imeoshwa, imekaushwa, inang'aa. Tupu. Katika maisha yangu sijawahi kurudishiwa sahani tupu. Moza aliichukua akaiweka kabatini, na tukafuturu maji.

Jumatano, 6 Mei

Mvua mchana kutwa. Nimeswali, nimetubu, nimepika wali ukashika chini. Moza amekula ukoko wake wote bila kulalamika, na hilo ndilo linalonitisha.

Hatujui habari za Musaga. Simu ya Sijaona inaita haipokelewi. Nikifumba macho namwona bibi ambaye sijawahi kumwona, amekaa kitandani, anatafuta pumzi. Kila pumzi anayoitafuta naitafuta na mimi. Ya Rabbi, mponye yule mama, sitaomba tena chochote cha kukaangwa.

Alhamisi, 7 Mei

Alhamdulillah! Ni pumu! Pumu yake ya zamani, mvua na moshi wa makaa tu. Sijaona amempigia Moza asubuhi. Daktari amemwona Bi Fadhila, dawa amepewa, leo amelala vizuri. Sijaona habanduki pale mpaka Idd na baada ya Idd. Moza amempelekea mshahara wake na gunia la mchele, na mimi nimeambiwa jiko ni langu.

Nimelipokea. Mimi si mtu yule wa juzi. Nilipokuwa nafagia ua (ndiyo, nafagia, na Nawaf ameniona) nilihisi moyo umeoshwa. Nikakumbuka kwamba kumtembelea mgonjwa ni sunna kubwa. Nikachukua gari, nikajifunga kitambaa, nikapanda Musaga.

Nilisimama chini ya upenu, sikukanyaga kizingiti. Mvua inadondoka mgongoni. Sijaona alifungua nusu. Nikamwomba radhi, bila kupinda maneno. Nikamwambia nilidanganya, nilidanganya kwa ajili ya tumbo, na mama yake angeweza kufa. Kisha akasema amenisamehe, toka moyoni, mwezi huu si mwezi wa kushika kinyongo. Ndani sauti nyembamba ya Bi Fadhila ikasema Baba Rayan abarikiwe. Nikalia kama mtoto mdogo. Sijapata kusikia amani namna ile. Mvua yote ilikuwa yangu.

Basi kwa kuwa tumeshasameheana, nikaona hakuna ubaya kumtajia kwamba kwenye gari, kwa bahati tu, nina kilo mbili za manda, nyama ya kusaga, na mafuta. Yeye hatahitaji kupanda basi. Mimi ningesubiri hukuhuku nje.

Akasema, "Apana, Baba Rayan." Akafunga mlango polepole, ili asimshtue mama yake.

Naandika haya ndani ya gari. Kioo kimejaa maji, ziwa lote liko kule chini, la kijivu, limelala. Hajapandisha sauti hata kidogo. Mtu anayekataa kweli hupandisha sauti. Na nimefikiria sana, na sasa nimeliona kosa langu, na ninalikiri mbele ya Mungu: nyama ya kusaga. Nyumba ya mgonjwa wa pumu, mtu analeta nyama! Kesho nitaleta samaki.