Maji ya Joto kwa Ubatizo wa Mama

Jumatano, 14 Agosti 2024
Mama amekuja kutoka Nyacheki kuliona bwawa ninalolitunza hapa hotelini Masimba. Jumamosi atabatizwa humu mbele ya kanisa zima, maana mto umejaa matope. Ametia kidole majini, akakitoa haraka. Kisha akasema haogopi kuzama, anaogopa baridi tu. Akihisi baridi atarudi nyumbani na dhambi zake zote. Mama yangu! Nimemwombea tangu nikiwa kijana. Nimemwahidi maji ya joto. Joto litatoka wapi, sijui.

Alhamisi, 15 Agosti
Nimepata! Adui ni boya. Maji yakipungua kidogo tu, boya linashuka, koki inafunguka, maji ya chemchemi yanaingia, baridi tupu. Nimelifunga juu kwa kamba. Sasa jua lifanye kazi yake. Nyangau, yule wa maua, ameniona. Akauliza, maji yakipungua yatajazwa na nani? Swali la mtu anayetaka kazi yangu. Nimemwambia ashike jembe lake.

Ijumaa, 16 Agosti
Maji yamepata joto. Yamekuwa kijani pia. Pasta Bosire hawezi kumzamisha mtu kwenye mboga! Jioni nikageuza mpini wa kichujio upande wa kuosha mchanga, mota ikaanza kusukuma uchafu nje pamoja na maji ya bwawa, hadi kwenye maua ya Nyangau. Nikasimama kuutazama. Nikawaza jinsi mtu anavyobeba uchafu ndani yake bila kuuona. Nikawaza sana. Kuinua macho, jua limezama. Sabato imeingia! Kugeuza mpini ni kazi. Kuzima mota ni kazi. Nyangau, ambaye ni Mkatoliki, akasema atageuza yeye. Nikamkataza. Kumtuma mtu kazi nako ni kazi. Na tena angejisifu kwa Mama Salat, mwenye hoteli. Mungu ataona.

Jumamosi, 17 Agosti (jua limeshazama)
Mungu ameona. Maji chini ya magoti! Hata hayo yalibaki kwa sababu Nyangau alizima mota alfajiri, bila ruhusa yangu. Boya likaning'inia juu kwa kamba yangu, kila mtu akilitazama. Kwaya ikaacha kuimba. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nilijua Mama atageuka aende zake.

Hakugeuka. Alishuka ngazi polepole, akaketi majini kama mtu anayeosha mtoto, akamwambia Pasta amlaze. Pasta akapiga magoti na joho lake, akamlaza. Mama akainuka akilia na kucheka. Akanishika uso kwa mikono iliyolowa, akasema maji yalikuwa ya joto, kama nilivyomwahidi. Nikalia mbele ya Nyangau. Sikujali.

Jumatatu, 19 Agosti
Mama Salat ameniita. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Kuanzia leo bwawa ni la Nyangau. Mimi nimepewa maua. Maua, alisema, hayana koki.

Nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Ni Nyangau. Angeiacha mota, maji yangepungua zaidi na kupata joto zaidi. Mama angefurahi maradufu.

Mawaridi nayo yanaonekana kuhisi baridi asubuhi. Nimechungulia tangi la kumwagilia. Lina boya, dogo, zuri.

Kamba bado ninayo.