Nyumba ya Bati na Bango la Mchwa

Jumatatu, 3 Septemba 1956

Ndugu yangu Idarusi, asalaam aleikum. U hali gani huko Mkwaja? Mgongo umepoa? Mama mkubwa bado anakohoa? Sisi huku Pongwe wazima, alhamdulillahi, mimi na Mastura na watoto. Ulinilaumu kwamba barua zangu ni salamu tupu. Haya, safari hii nitakuandikia kipande kila jioni, juma likiisha nimpe dereva wa basi akuletee.

Habari kubwa! Ile nyumba mpya ya chuo imekwisha. Bati juu, saruji chini, bomba uani. Walimu wote tunaitaka, na tulishaanza kununiana. Leo Mkuu wa chuo, Bwana Luka, katukusanya akasema amechoka na maneno. Kila mwalimu afanye uchunguzi wake mwenyewe, auandike na kuuchora kwenye bango kubwa. Jumamosi majaji wa kutoka mjini watamtaja mshindi. Atakayeshinda, nyumba yake.

Uchunguzi! Mimi niliyeishia darasa la sita, nafundisha useremala! Nikarudi nyumbani kichwa chini. Mastura kusikia tu akaanza kupima kitambaa cha mapazia. Nikamwambia angoje kwanza. Akasema amengoja miaka yote chini ya makuti yanayovuja kitandani upande wake, si upande wangu, na kama nampenda nichunguze kitu.

Jumanne, 4 Septemba

Nimepata! Ilhamu imenijia wakati wa kutawadha. Nitachunguza kwa nini wanachuo wanasinzia baada ya chakula cha mchana. Jambo lenye faida kwa taifa.

Karatasi sasa. Nimekwenda stoo, hakuna. Laurenti kazichukua zote asubuhi. Unamkumbuka Laurenti? Mwalimu wa hesabu, yule Mnyamwezi aliyezaliwa kambi ya mkonge, mwandiko wake kama wa mashine. Mtani wangu. Kila tukionana lazima tutukanane, maana Wazigua na Wanyamwezi ndivyo tulivyokuta kwa babu zetu. Nikamwambia watu wa kwao wamezoea kubeba kila kitu wanachokiona njiani. Akanijibu kwamba babu yake alibeba mizigo mpaka pwani, akawakuta babu zangu wamelala, akairuka miguu yao akaendelea.

Kanipunguzia karatasi? Hata kipande! Nimeokota mifuko ya saruji huko kwenye nyumba mpya, nimeipasua, nimeipangusa, nimeiunga kwa gundi ya muhogo. Nimeianika uani. Kuku wa jirani wamekula gundi yote. Nimeunga tena.

Jumatano, 5 Septemba

Siku ya uchunguzi wenyewe. Nimekaa nyuma ya darasa la Laurenti baada ya wali na maharage, penseli mkononi, nihesabu vichwa vinavyoinama. Joto. Nzi. Laurenti anaeleza sehemu za kumi. Kichwa cha kwanza kikainama, nikaandika. Cha pili, nikaandika.

Kisha nikasikia kengele ya saa kumi.

Darasa tupu! Vijana wamenipita kwa ncha za vidole, kwa adabu, Mungu awabariki. Laurenti yeye kanifunika uso kwa kitambaa cha kufutia ubao. Aliponiona mlangoni akaniuliza mbele ya Bi Praxeda kama maiti ameamka mwenyewe au ameombewa. Bi Praxeda ndiye anayewafundisha wake za wanachuo mapishi na usafi. Mpare, mtu makini, hacheki ovyo. Leo kacheka.

Nimeswali alasiri kwa aibu. Kuandika uongo siwezi, Idarusi, wewe unanijua. Nimeandika bangoni kama ilivyokuwa: wa kwanza alisinzia, wa pili alisinzia, kisha mchunguzi alisinzia. Nimejichora mdomo wazi. Mastura anasema nimepatia.

Alhamisi, 6 Septemba

Msiba.

Mabango yametundikwa ukumbini leo mchana. Nimelitazama la Laurenti. Lo! Kachunguza mchwa na mbao zetu. Kagandisha mchwa wa kweli kwenye karatasi, safu kwa safu kama askari wa gwaride. Wino mwekundu, wino wa buluu, mishale. La Bi Praxeda ni la uji wa watoto wachanga, nalo zuri. Langu pale katikati bado linasomeka SARUJI likipigwa na mwanga.

Nyumba imekwenda! Mastura keshashona pazia moja na nusu.

Shetani kanijia akaniambia nikalimwagie maji bango la watu. Nikamfukuza. Kuharibu mali ya mtu, hapana. Lakini baada ya magharibi likanijia wazo jingine, safi kabisa. Laurenti si mtani wangu? Mtani si huteka kitu cha mtani wake mchana kweupe, na mwenyewe asiudhike, mpaka akikomboe? Huo si wizi. Hiyo ni mila!

Kwa usalama wa roho yangu nimepita kwa Maalim Mwinyijuma hapa msikitini. Nikamwuliza habari za utani kwa jumla tu, bila kutaja mabango. Akasema ikiwa kitu kimechukuliwa hadharani, na mwenyewe anaijua desturi, na akacheka, basi haoni kosa. Nikamwuliza, na asipocheka? Akanitazama sana. Akaniuliza Sadalla, umechukua nini? Nikamwambia bado.

Ijumaa, 7 Septemba

Imekuwa! Nimetoka kuswali Ijumaa, bado nimevaa kanzu, nikaingia ukumbini walimu wote wamo wanakunywa chai. Nikalitungua bango la mchwa, nikalikunja, nikaliweka kwapani, nikapiga ukelele kwamba mtani nimeteka mali, na sikuachii mpaka uniletee jogoo mweusi asiye na doa. Na mimi jogoo nampokea Jumatatu tu, siku nyingine nina kazi.

Laurenti kasimama na kikombe. Mimi moyoni nasema cheka, Mnyamwezi, cheka, nisije nikapata dhambi. Akacheka! Walimu wakapiga makofi. Akasema haya bwana, mila ni mila, umeteka umeteka.

Ila alicheka kwa muda mrefu. Wenzake wamemaliza chai, wamerudi madarasani, yeye bado anacheka. Sikuipenda sana.

Bango lipo chini ya kitanda. Nimeliweka upande wangu, usiovuja.

Jumamosi, 8 Septemba

NIMESHINDA! Allahu Akbar! Mimi! Na mfuko wa saruji!

Mzee mmoja katika majaji kasimama akasema amesoma chunguzi nyingi maishani mwake, lakini hajapata kumwona mchunguzi aliyekiri kuwa alilala kazini. Akasema huo ndio ukweli wa elimu. Watu wakacheka mpaka machozi. Bi Praxeda wa pili. Mastura kapiga vigelegele vilivyosikika mpaka stesheni. Bwana Luka kanikabidhi ufunguo mbele ya umati.

Halafu, tukishikana mikono, Bwana Luka akaninong'oneza kwamba majaji walikuja Alhamisi jioni, sisi tuko uwanjani na vijana, wakayakagua mabango yote kwa utulivu na wakakata shauri siku ile ile. Leo walikuja kutangaza tu. Laurenti wa tatu. Walisema mchwa wengi, maelezo machache.

Kwa hiyo Alhamisi nilikuwa nimekwisha kushinda! Ijumaa nimeteka bure! Nimelitafakari jambo hili njia nzima. Nikaona halina madhara. Bango nitalirudisha, jogoo tutamla.

Jumapili, 9 Septemba

Tumehama asubuhi. Mimi kitanda kichwani, Mastura mapazia begani, watoto vyungu. Tukafika. Mlango uko wazi.

Laurenti kakaa sebuleni juu ya mkeka, na suti yake ya kanisani, katoka misa moja kwa moja. Mkewe Kristina yuko uani anasonga ugali. Watoto wao sita wanalichezea bomba. Fundi wa chuo ndiye aliyewafungulia, naye Mnyamwezi! Laurenti hakuinuka hata. Akasema karibu mtani, weka kitanda chini utavunjika shingo. Nyumba hii nimeiteka.

Nikamwambia toka. Akasema nikomboe. Nikamwambia nyumba haitekwi. Akaniuliza ni mzee gani wa Kizigua aliyesema hivyo. Nikamgeukia Mastura anisaidie. Mastura kakaa juu ya kizingiti anacheka, mapazia yamemfunika miguu. Alipopata pumzi akaniambia, baba watoto, uliteka mbele ya watu, na yeye kateka mbele ya watu, na wewe ukinuna leo utatuaibisha Wazigua wote. Cheka.

Nikakimbia kwa Bwana Luka. Akaniuliza kwanza bango la mchwa liko wapi. Nikasema limo kwenye mizigo yetu. Akaniambia basi kamalizane na mtani wako, ofisi haina kifungu cha utani.

Nimerudi nimecheka. Ilikuwa kazi, lakini nimecheka. Ukombozi wake Laurenti: vyumba viwili vya upande wa bomba. Watoto wake sita walikuwa wanalala chumba kimoja na mbuzi, kumbe. Sikujua. Nimempa. Sisi tumebaki na viwili vya mbele, na bango lake nimelitundika mwenyewe sebuleni. Jogoo kafutwa.

Jumatatu, 10 Septemba

Jana usiku mvua imenyesha juu ya bati. Tumelala wakavu, mimi na Mastura, pande zote mbili! Kristina kaleta karanga za kukaanga, Mastura kampa pazia lililozidi. Laurenti anakoroma ukuta wa pili kama mashine ya mkonge, nami asubuhi nimemwambia. Akasema ni mizigo ya babu. Nimefurahi, Idarusi, sikufichi. Nyumba ina watu.

Sasa sikiliza vizuri. Bwana Luka katangaza mashindano mengine ya mabango, Desemba, na zawadi ni baiskeli mpya. Mtu wa kumwogopa ni mmoja tu, Bi Praxeda na uji wake. Kwa hiyo nenda kwa wazee wetu, waulize pole pole, bila kunitaja: sisi Wazigua na Wapare, hatuna utani hata kidogo? Hata wa zamani uliosahauliwa? Nisalimie mama mkubwa. Jibu upesi, umpe dereva huyu huyu, maana Desemba si mbali.

Ndugu yako, Sadalla