Chui Aliyeogopa Mwavuli

Jumatatu, 8 Julai 1974

Ukungu tangu alfajiri. Mlima haupo. Kihamba chote, shamba letu la nyumbani, kimezama kwenye maziwa, migomba inachungulia kwa ncha za majani tu. Siku nzuri ya kuanza jambo kubwa.

Jambo lenyewe ni hili. Balozi wa nyumba kumi amepita akitangaza kwamba Jumamosi ya tarehe ishirini bwana mifugo atakuja uwanja wa shule kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Kila mbwa aletwe na mwenyewe, kwa kamba, akiwa ametulia. Asiye na cheti baada ya siku hiyo atapigwa risasi. Alisema hayo huku akitazama uvungu wa kitanda changu kupitia mlango ulio wazi. Mkia wa Chui ulikuwa unatetemeka pale chini.

Chui ni mbwa. Nilimpata mwezi wa tano kutoka shamba la Mgiriki aliyeondoka mashamba ya kahawa yalipochukuliwa na serikali. Nilitoa mkungu wa ndizi na jembe jipya. Nilidhani mbwa wa mzungu lazima awe mkali. Kumbe! Anaogopa mwavuli. Anaogopa ndoo, kengele ya kanisa na wanaume wenye kofia. Juzi aliogopa chafya yake mwenyewe. Na mimi nilishasimulia kilabuni kwamba aliwahi kumkimbiza chui wa kweli, ndiyo asili ya jina.

Primus, jirani yangu na katibu wa duka la kijiji, alicheka mpaka mbege, pombe yetu ya ndizi, ikamtokea puani. Yeye ana Kamanda, mbwa mwenye kifua kama pipa. Nimemwambia tutaonana uwanjani.

Siku kumi na mbili. Zinatosha kabisa.

Jumanne, 9 Julai

Mbinu ya kwanza: makelele. Nimewaza kwamba anayeogopa kelele ashibishwe kelele mpaka azichoke. Rahisi! Nashangaa hakuna aliyewahi kufikiria.

Nikachukua sufuria mbili kubwa za mke wangu Mektrida, nikainama uvunguni, nikazigonganisha.

Chui alipita katikati ya miguu yangu, akapita jikoni, akapita juu ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, bila kugusa maji, akayeyuka ukunguni. Tumemtafuta mpaka saa kumi. Alikuwa zizini, amejikunja nyuma ya ng'ombe, macho makubwa kama vifungo vya koti. Mektrida amezitazama sufuria zake, moja ina bonde.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake ukumbini, anabangua maharage. Mama yangu Dominika haoni vizuri, macho yameingia utando. Mwezi wa nne, masika, aliteleza akatumbukia kwenye mfongo, na tangu siku hiyo hajavuka ua wa masale. Hata kanisani haendi. Husema atakwenda kesho. Leo aliniuliza, bila kuinua uso:

"Remigius, hivi unamfundisha au unamfukuza?"

Nikamwambia ni mbinu ya kisasa. Akaendelea na maharage.

Alhamisi, 11 Julai

Nimegundua kosa. Chui hajui kubweka! Mbwa asiyebweka hawezi kujiamini, kama mtu asiyejua kusalimia.

Nikampeleka nyuma ya migomba, mahali pa faragha. Nikapiga magoti, nikashika ardhi kwa mikono, nikabweka. Nikabweka kwa nguvu na kwa moyo. Chui alinitazama kwa huruma. Nikajaribu tena, sauti nzito zaidi, huku natikisa kichwa.

Mtu akakohoa. Primus, amesimama njiani na Kamanda wake. Sijui alikuwa pale tangu lini. Aliniuliza kwa adabu sana kama nami nitaletwa Jumamosi ile kwa kamba.

Jioni kilabu kizima kilinipokea kwa kubweka. Nilitabasamu. Ndani nilikuwa naungua.

Ijumaa, 12 Julai

Mbinu ya ujasiri wa kunywa. Wanaume wangapi nimewaona wakiingia kilabuni kama panya na kutoka kama majenerali? Nikabeba vibuyu viwili vya mbege, kimoja cha Chui, kimoja changu kwa mfano.

Chui alinusa chake akaenda zake. Haifai kumwaga mbege. Nikamaliza vyote.

Kisha jua likatoboa ukungu kidogo, majani makavu ya migomba yalikuwa na joto, nikajilaza. Niliota mbwa wengi wakipanda Mlima kwa safu, kimya, mpaka kwenye theluji, na nyayo zao zilikuwa zinatoa mwanga. Mmoja aligeuka akanitazama. Nilipofumbua macho Chui alikuwa amekaa hatua tano kutoka kwangu, ananitazama. Hatua tano! Hajawahi kunikaribia hivyo. Sikupumua. Maji ya mfongo yalikuwa yanasema maneno madogo madogo. Tukakaa hivyo, sijui dakika ngapi, mimi na yeye, kama watu wawili wanaosubiri gari moja.

Halafu nikashangilia kwa sauti kubwa. Akatoweka.

Hitimisho: mbege inafanya kazi hata kwa harufu.

Jumapili, 14 Julai

Kwa unyonge mkubwa, baada ya misa, nimemwomba Primus aniazime Kamanda. Nia: mbwa hodari amfundishe mbwa mwoga. Primus alikubali haraka mno. Ningepaswa kushtuka.

Kamanda aliingia uani kama mkaguzi wa shule. Kwanza alikula nyama ya Jumapili, yote, kutoka kwenye sinia. Kisha akalala juu ya kahawa tuliyoanika. Nilipomgusa ili asogee, alirarua suruali yangu ya misa, upande wa nyuma, mbele ya mke wangu na wageni wake wawili wa Jumuiya. Mmoja alifanya ishara ya msalaba.

Tumekula mtori usio na nyama. Mektrida ameniambia kwamba akiona mbwa mwingine tena humu ndani, mmoja wetu atahamia Chekereni kulima mpunga, na si yeye.

Jambo dogo la kuandika. Kamanda alipoanza vurugu, Chui hakukimbilia uvunguni. Alikimbilia nyuma ya kigoda cha Mama. Mama hakugeuka wala hakumgusa. Aliendelea kubangua maharage, akisogeza tu mguu kidogo ili mbwa apate nafasi.

Jumanne, 16 Julai

Nimeamua kumwomba radhi. Kwetu mtu akikosa hupeleka jani la sale kwa aliyemkosea, na aliyekosewa hana budi kusamehe. Hakuna palipoandikwa kwamba mbwa ametengwa.

Nikakata jani zuri, nikalifunga fundo, nikalipeleka kwa mikono miwili. Chui alilinusa. Akapiga chafya, na safari hii hakuiogopa! Naona nimesamehewa.

Ila Mama ananiharibia mwanafunzi. Nimemchungulia asubuhi yote. Ana kipande cha ndizi ya kuchemsha mkononi. Anamega, anaangusha kando yake kama bahati mbaya. Hamwiti. Hamtazami. Baada ya muda anaangusha kingine, karibu kidogo zaidi. Chui anakuja, anakula, anarudi. Mchana alikuwa amelala kidevu juu ya kanga yake. Mama alikuwa anaimba kwa Kichagga, wimbo wa kutwanga, taratibu, kama anayeongea usingizini.

Nimemweleza Mektrida kwamba huo ni uvivu, hakuna nidhamu wala ratiba. Amesema nikithubutu kuwasogelea wale wawili atanipiga kwa ile sufuria yenye bonde.

Alhamisi, 18 Julai

Siku mbili zimebaki. Nimejaribu kamba.

Nilipomfunga tu, Chui alilala chini akawa gunia. Nilivuta, gunia. Nikambembeleza, gunia. Nikaona basi, nitambeba mabegani kama mchungaji kwenye picha ya sakristia. Tulivuka ua vizuri. Tulifika kwenye mfongo vizuri. Hapo mwanamke mmoja akaja na mwavuli.

Maji ya Mlima mwezi wa saba! Nilipiga ukelele nadhani ulisikika Masama yote. Nilipoibuka, Chui alikuwa ukingoni upande wa nyumbani, mkavu, na Mama alikuwa amesimama kando yake. Mama! Alikuwa ametoka peke yake, nje ya masale, fimbo mkono mmoja na mwingine umeshika shingo ya mbwa. Akaniuliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea mgomba. Sijasikia kicheko hicho tangu Baba alipofariki.

Nimepata mafua. Sabuni imekwisha na dukani kwa Primus hakuna.

Ijumaa, 19 Julai

Ukungu mzito kuliko wote. Hata kuku wanatembea kwa kupapasa.

Nimekata tamaa. Niliwaza kumficha Chui kwa dada yangu Chekereni, lakini Chui hawezi kupanda basi, na dada ana kofia. Niliwaza kumpaka masizi niseme ni mbuzi. Mwisho nikaenda kukaa sakafuni karibu na kigoda cha Mama. Chui alikuwa upande wa pili. Nikamwambia Mama ukweli: kesho kutwa wanaweza kumpiga risasi, na nitakuwa nimemleta hapa mimi mwenyewe ili afe.

"Nitampeleka mimi," akasema.

Nikamwambia, Mama, huoni njia.

"Naye anaiona, ila anaiogopa. Tutaenda polepole. Akisimama, nitasimama. Nikisimama, atasimama."

Nikamuuliza kama haogopi mfongo.

"Naogopa sana," akasema, akamega ndizi.

Nilikaa pale mpaka giza likaingia na hakuna aliyewasha taa.

Jumamosi, 20 Julai

Siku yenyewe!

Mwendo wa dakika kumi na tano, tumetumia saa mbili. Mama mbele, Chui ubavuni kwake, kamba imelegea kabisa. Mimi nyuma nikiwa nimeagizwa nisiseme kitu. Chui akitetemeka, Mama anasimama, anatazama pembeni kama mtu anayefurahia migomba. Kwenye mfongo Mama ndiye alitetemeka. Chui alikaa chini akamngoja. Kisha wakavuka, hatua moja, hatua moja. Ukungu ulikuwa unawafunga na kuwafungua. Mara niliwaona, mara nilisikia fimbo tu.

Uwanja umejaa mbwa na kelele. Mama hakuingia katikati. Alitafuta jiwe mbali kidogo, akakaa. Watu wakaanza kumfuata kumsalimia, mmoja mmoja, shikamoo Mama Dominika, tulidhani hutatoka tena. Kila aliyekuja, Mama alimwomba asimtazame mbwa, ampe kipande cha ndizi bila kuinama. Mzee mmoja alikuwa na kofia! Chui alikula mkononi mwake.

Kamanda wa Primus aliiona sindano, akakata kamba, akaruka ndani ya Land Rover ya bwana mifugo, akajibana chini ya usukani. Wanaume wanne hawakuweza kumtoa. Primus alikuwa ameinama mlangoni akimbembeleza kwa sauti ya mama wa kichanga. Sikucheka. Nilicheka kidogo.

Zamu yetu ilipofika bwana mifugo alikuja mwenyewe kwenye jiwe. Akataka mwanamume amshike mbwa. Nikajitokeza, kifua mbele, watu wote wanatazama. Nikamshika Chui. Bwana mifugo akatoa sindano. Ilikuwa ndefu.

Naambiwa nilianguka taratibu, kwa heshima. Naambiwa Chui alichanjwa nikiwa chini, hakusogea hata unyoya. Ninachokumbuka ni ulimi wenye joto usoni, na nilipofumbua macho ukungu ulikuwa umepasuka. Kibo ilikuwa pale juu, nyeupe, karibu mno, kana kwamba imeteremka kuona nani ameanguka. Mama alikuwa ameinua uso upande huo huo. Akaniuliza kama Mlima umetoka. Nikasema umetoka. Akasema anaona weupe.

Tuna cheti. Mektrida amekibandika ukutani karibu na picha ya Bikira Maria.

Jumatatu, 22 Julai

Jana Mama alikwenda misa kwa miguu yake. Chui alimngoja nje ya mlango wa kanisa, kengele ikilia juu ya kichwa chake. Kijiji kizima kinazungumza habari hiyo.

Nimekaa nikatafakari mafanikio haya. Ni wazi kwamba msingi niliuweka mimi wiki ya kwanza, kwa zile mbinu kali. Mama alimalizia tu. Watu wa kawaida hawaoni msingi wa nyumba, wanaona bati.

Na sifa zimeanza kuenea. Leo asubuhi amekuja Elinipendo, yule mama Mlutheri wa kitongoji cha juu. Ana ng'ombe wa maziwa anayeogopa kuvuka daraja la miti, na malisho yako ng'ambo. Ameuliza kama anaweza kuongea na Mama. Nimemwambia Mama amepumzika na kwamba mtaalamu ni mimi.

Nimeshafikiri yote. Mumewe anapiga tarumbeta kwenye bendi ya usharika wao. Nimemwomba aje kesho saa mbili na wenzake wote saba, wajifiche chini ya daraja. Ng'ombe akifika katikati, nitapunga leso.