Kilima cha Kikanda

Jumamosi, tarehe 3 mwezi wa tano
Wiki tatu za ndoa. Bado naamka mapema kumtazama Viviane akilala. Hata kikohozi chake kina sauti nzuri. Nyama imepanda bei, tunakula sombe tupu, majani ya muhogo basi. Viviane anasema inamtosha. Malaika. Lakini nimepata wazo: kikanda. Mama yake, kule Kapolowe, huchimba kilimani vile viazi vidogo vya porini, huvitwanga na karanga, hupika mpaka kinakatika vipande kama nyama. Huuza kidogo kidogo kando ya barabara. Ndicho kilichomsomesha Viviane. Kidogo kidogo! Mimi nitalisha mtaa wetu wote wa Kikula.

Jumatatu, tarehe 5
Nimemweleza Séraphin, muuza nyama wa sokoni. Akauliza kama nyama yangu inalia mee au inatoa maua. Nikajibu haichinjwi, haimwagi damu. Akasema weye, hata kuku hujawahi kufuga. Ataona.

Jumatano, tarehe 7
Kapolowe. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani wala kusemeshana. Maneno hupita kwa mke. Mama alikaa akinipa mgongo. Nikamwomba Viviane amwambie nachukua kilima chote. Viviane akanong'ona. Mama kimya. Nikasubiri. Kimya. Heshima kubwa namna hiyo sijaiona. Nikaita wachimba mawe wa Kakontwe.

Ijumaa, tarehe 9
Wanachimba kama wako karieri, kwenye machimbo yao ya mawe. Vikubwa, vidogo, hata vyenye ua. Viviane aliniomba tuache vidogo, mama yake huvirudisha udongoni. Moyo laini ulioje! Nikambusu paji la uso. Akageuka. Haya za bibi harusi.

Jumatatu, tarehe 12
Sokoni. Kikanda kimekwisha kabla ya adhuhuri. Mama mmoja alisema watoto wake leo watalala wamekula nyama. Séraphin alikula vipande viwili, akadai anachunguza adui. Nimemnunulia Viviane waridi la plastiki. Halitanyauka kamwe, kama sisi.

Alhamisi, tarehe 15
Tumerudi kilimani. Mashimo matupu. Wanawake wa kijiji wamekaa kando, vikapu vitupu magotini. Walinisalimu tu. Vumbi jekundu linafika mpaka mlangoni kwa mama. Yeye alikuwa akiinama shimo hadi shimo, peke yake. Nikamwambia Viviane amuulize kilima kingine kiko wapi. Hakuuliza.

Jumamosi, tarehe 17
Viviane amebaki Kapolowe. Amesema atarudi siku mama yake atakapokuwa na kitu cha kuuza. Ana upendo wa ajabu. Nimepika sombe, nikasahau chumvi. Upande wake wa godoro ni baridi. Waridi lipo. Séraphin amepita, ameniletea kipande cha ini, na hakucheka. Hilo limenitisha kidogo.

Jumapili, tarehe 18
Katikati ya misa, wazo: viwavi wa kula! Nyuma ya nyumba ya mama kuna pori zima la miti yao. Msimu bado uko mbali, na kukwea miti kuwafuata ndiko kunakochosha watu. Kwa hiyo tuikate sasa. Viwavi wakija hawatakuwa na pa kukwea, tutawaokota chini. Watu wa Kakontwe wana mashoka. Nimempigia Viviane simu amuulize mama. Nikamsikia akimweleza, sauti ikitetemeka kwa furaha. Kisha kimya kirefu, kirefu kuliko cha kwanza.

Mama amekubali.