Chupa Isiyo na Maji

Jumamosi, 5 Agosti

Tumeondoka Varzelle asubuhi, mimi na Firmin, baiskeli mbili na mahema mawili. Klabu nzima ya baiskeli ilijipanga mbele ya kanisa kutuaga. Mzee Barnabé, kiongozi wetu wa miaka yote, amestaafu kwa sababu ya goti. Wanaokitaka kiti chake ni wawili: mimi, na huyu Firmin kinyozi. Klabu ikaamua tuzunguke mashambani pamoja, tushindanie vibao. Kila kijiji kina kibao chake cha kuingilia, cheupe chenye ukingo mwekundu. Atakayekipita kwanza, kijiji ni chake. Mwenye vijiji vingi tukirudi Jumapili ya wiki ijayo ndiye atakayevaa jezi ya kiongozi.

Jezi si kitu. Kiongozi ndiye anayechagua mahali pa kula mchana kila Jumapili, mwaka mzima! Firmin akishinda nimekwisha. Namjua. Atatupeleka kando ya bwawa, tukae kwenye nyasi na sisimizi, tule mayai ya kuchemsha. Mwaka mzima wa mayai! Na bata wa Mama Léontine, pale mkahawani kwake darajani, nani atamla?

Lakini hashindi, ng'o! Ndani ya bomba la fremu ya baiskeli yangu kuna mota. Ndogo, haionekani. Betri yake imeundwa kama chupa ya maji. Kitufe nimekificha chini ya utepe wa usukani. Mke wangu Odile alinikuta gereji naifunga, akasema mtu mzima hovyo. Odile haelewi siasa.

Leo vijiji vyote vyangu. Mlimani nilikuwa napiga mluzi! Firmin nyuma, anahema, amewiva kama nyanya. Kila kijiji ananipongeza kwa moyo mweupe. Maskini.

Jambo moja dogo. Jioni aliniomba maji ya ile chupa. Nikamwambia ni dawa ya tumbo. Akasikitika sana.

Jumapili, 6 Agosti

Mchana tumeketi kwenye mkahawa safi, chini ya mizabibu. Nikaagiza figo za ndama kwa haradali. Firmin akamfuata mhudumu, akamnong'oneza. Nikaletewa wali mweupe na karoti za kuchemsha.

Mhudumu akanipapasa bega. Pole baba, mwenzio ametueleza yote. Ningesema nini? Nikala karoti. Firmin akazila figo zangu, eti zisiharibike.

Nimelipiza. Alipokuwa amelala chini ya mti nikahamishia mizigo yangu kwenye mfuko wake: sufuria ya chuma, nyundo ya hema, chupa mbili za mvinyo, bonge zima la jibini. Sasa apande mlima tumwone! Alasiri akafungua mfuko kutafuta soksi. Akadhani ni zawadi. Akanikumbatia pale pale barabarani, ng'ombe wanatutazama, machozi yanamlengalenga. Mvinyo na jibini akamaliza mwenyewe. Mimi si nina tumbo.

Kambini nimechomeka betri bafuni, nikaifunika taulo. Nani atajua?

Jumatatu, 7 Agosti

Balaa! Mama mmoja wa Kiholanzi aliichomoa betri yangu akaushe nywele. Nywele zake zimependeza. Betri haina kitu. Na baiskeli yenye mota mfu, jamani, ni kama kupanda mlima umembeba mkweo mgongoni. Firmin kachukua vijiji vyote, na juu ya kila mlima ananisubiri, ananipungia kofia. Nimchukie vipi mtu wa namna hii? Nimejitahidi.

Mpango mpya: njaa. Nchi hii jiko likifungwa saa nane limefungwa, hata aje nani. Na Firmin asiyekula mchana hana miguu. Nikashika ramani, nikatuzungusha makusudi. Tukafika Saint-Lourdin saa nane zimeshapita. Mlango wa mkahawa umefungwa. Nikashika kichwa, nikalaumu upepo. Nilijiona mwigizaji hasa.

Bibi mmoja akachungulia dirishani, akatuuliza tunasumbua mlango wa nini. Hata mngekuja saa sita ni kazi bure, wanangu, leo Jumatatu, siku ya mapumziko, hakupikwi.

Tukaenda kwa mwokaji mikate. Jumatatu. Duka la kijiji. Jumatatu. Mimi niliyezaliwa nchi hii, nikakulia nchi hii, nimesahau Jumatatu!

Firmin hakuwa na wasiwasi. Akaketi ngazini mwa kanisa, akafungua kitambaa. Mayai ya kuchemsha! Na chumvi! Akaninyooshea moja. Mate yakanijaa. Kisha akalirudisha. Ndugu yangu, samahani, nilisahau, yai litakuua na tumbo hilo.

Jumatano, 9 Agosti

Ajabu. Tangu juzi, kwa njaa na hasira, sijaichomeka betri. Leo asubuhi nimeikuta imejaa pomoni! Tena imefutwa vumbi. Nadhani imejichaji kwa jua. Vitu vya ghali ni vya ghali kwa sababu.

Hata hivyo sikutaka kuitegemea mashine peke yake. Mwenye akili ana njia mbili. Karibu na Bessoux nikamwambia Firmin atangulie, nafunga kamba za viatu. Akatangulia. Nikakata kupitia malishoni. Fahali mmoja mweupe hakuupenda mpango wangu. Nimepoteza kipande cha suruali na heshima kidogo, lakini nikatokea katikati ya Bessoux, nyuma ya kanisa. Nikaketi mkahawani, nikaagiza kahawa, nikakunja nne.

Firmin akaja anatoka jasho. Nikamwambia karibu Bessoux, kijiji changu. Akanipongeza. Kisha akaniuliza kwa upole nimetokea wapi, mbona kwenye kibao hakuniona. Nikasema njia ya mkato, si kosa. Hapo mzee mmoja wa meza ya jirani akaweka glasi chini. Akasema upande wa malishoni hakuna kibao. Asiyepita kibao hajaingia.

Nikamwambia nimekaa hapa, nakunywa kahawa! Akasema kunywa utakunywa, lakini hujaingia.

Ukazuka mjadala. Watu wakasogeza viti. Mwenye mkahawa aliniunga mkono, kwa kuwa nilikuwa mteja. Mkewe akampinga, nadhani kwa kuwa ni mumewe. Wakataja sheria, wakataja mapinduzi, mtu mmoja akatoka nje kwa hasira akarudi. Mwisho wakapiga kura kwa mikono. Mimi niko nje ya Bessoux. Nikaruka juu ya baiskeli niende nikaingie upya, na mwenzangu kumbe alishapita zamani! Akili imeniruka wapi?

Jioni: wali na karoti.

Jumapili, 13 Agosti

Sitaki, lakini nitaandika.

Asubuhi tulikuwa sare. Kilichobaki ni kibao cha kwetu, Varzelle. Betri imejaa tena yenyewe. Kwenye kona ya mwisho nikabonyeza kitufe. Nikampita Firmin kama hayupo. Kibao hicho! Changu! Klabu yote uwanjani inapiga kelele, jezi iko mikononi mwa Mzee Barnabé!

Nikabonyeza kuzima. Haizimi. Nikabonyeza tena. Haizimi! Nikigusa breki, mota inalia kama nyigu kwenye kopo. Nikaona nisiguse. Nikainua mkono, nikajifanya nazunguka uwanja kushangilia. Wakapiga makofi. Mzunguko mwingine, makofi yakapungua. Mwingine tena, Odile akafunika uso. Miguu ikaisha nguvu, nikaiinua juu nipumzike kidogo. Pedali zikaendelea kuzunguka zenyewe.

Macho yote yakashuka kwenye pedali. Hata njiwa wa kanisani waliinama kutazama.

Firmin akasogea bila haraka, akakimbia kando yangu hatua kadhaa, akaichomoa chupa. Mota ikafa. Hakutafuta, hakuuliza. Alijua pa kushika! Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Eti mlima ule hakuna anayeupanda anapiga mluzi, hata awe kijana. Na tangu lile taulo la bafuni, yeye ndiye aliyekuwa akiichaji.

Mzee Barnabé akamuuliza kwa nini. Akaninyooshea kidole, akasema, Anselme akichoka hakaliki naye, na mimi nilitaka twende wote hadi mwisho.

Jezi wakampa yeye. Hakuna aliyepiga kura.

Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kisima, nataka ardhi inimeze, akaja akaketi. Akaniomba kitu kimoja: mahali pa kula mchana nichague mimi. Yeye hana habari na mikahawa, popote panamfaa. Angeniambia hivyo tangu mwanzo, ila sikumuuliza. Ungeniambia tu, mzee mwenzangu, akasema.

Nikainama nikafunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa tayari.

Jumapili, 20 Agosti

Nimetupeleka kwa Mama Léontine. Akaniwekea sahani ya karoti za kuchemsha. Meza nzima ikaangua kicheko, Firmin akapiga meza hadi glasi zikaruka. Ndipo bata akaja. Ngozi inapasuka chini ya kisu! Nimekula mpaka nikafungua mkanda.

Nimeyatafakari yote kwa utulivu. Bila mota nisingekuwa sare. Bila sare Firmin asingenionea huruma. Bila huruma, leo ningekuwa kwenye nyasi na sisimizi. Kwa hiyo mota imefanya kazi. Nimeagiza nyingine, kubwa zaidi.

Sasa imebaki jezi. Nilimchunguza vizuri leo: tayari inambana tumboni. Kwa hiyo kila asubuhi nitampelekea keki ya siagi, moto moto, pale kinyozini kwake, mpaka jezi isimwingie tena. Ya kwanza nimempa jioni hii. Amenikumbatia, akaikata katikati, akanipa kipande kikubwa.

Hashtuki hata kidogo.